Ngozi ya Fahali Chini ya Lori

Lori la Shangazi lilipofeli ukaguzi mara ya kwanza, mkaguzi wa lango la mgodi alieleza alichokiona chini yake kwa neno moja: utumbo. Shangazi alilibeba neno hilo kutoka Geita hadi kwetu Ushetu, akafika jioni amejaa vumbi hadi kwenye kope, na kabla hajavua viatu akalirudia mbele ya familia nzima. Utumbo. Nilicheka peke yangu. Wengine wote wakanitazama vile ambavyo huwa wananitazama.

Alichokuwa anasema ni waya za taa za nyuma. Ziko tano, zimeviringwa pamoja kwa tepu nyeusi, zinatoka kwenye kabini, zinapita chini kando ya chuma kirefu cha chesisi na kwenda nyuma kuwasha taa za kawaida, za breki, indiketa mbili na taa ya rivasi. Fundi mmoja alikuwa amezipitisha ubavuni mwa ekzosi na kuzishikiza kwa vipande vya mpira wa tairi. Ekzosi ikapata moto, mpira ukayeyuka, waya zikabaki zinaning'inia. Mkaguzi alipoingiza kile kioo chake chenye mpini mrefu, ndipo alipouona utumbo.

Alimpa Shangazi wiki mbili. Akamwambia mambo mawili: kwanza ziondoe hizi waya karibu na ekzosi, pili zifunge zisitikisike. Ukifeli tena, nafasi anapewa anayefuata.

Nafasi yenyewe ilikuwa ya kupeleka mchele, viazi na vitunguu kwenye kantini ya mgodi, kila wiki, mwaka mzima. Na hapo ndipo roho ya Shangazi ilipokuwa imening'inia pamoja na waya zake. Lori lilikuwa la marehemu babu. Msimu wa tumbaku lilikuwa na kazi, msimu ukiisha lilikaa uani mwezi baada ya mwezi, kuku wakitaga kwenye kiti cha abiria. Baba yangu na kaka zake walikuwa wamekaa kikao na kuamua: kama Shangazi hatalipatia kazi ya mwaka mzima kabla ya mvua, linauzwa. Shangazi ndiye pekee katika watoto wa babu aliyejifunza kuliendesha. Wengine walijifunza kulijadili.

Sasa nani azifunge waya? Fundi yule Shangazi hakutaka hata kumsikia. Mimi nilikuwa likizo, kidato cha tatu, mtoto wa kike mwembamba kiasi kwamba naingia chini ya lori bila jeki. Katika fizikia tulikuwa tumeshasoma umeme, na ingawa muda mwingi wa somo lile niliutumia kuigiza mwendo wa mwalimu, mambo kadhaa yaliniingia kwa bahati mbaya. Nikasema, niachieni mimi. Wakatafuta njia nyingine, wakaikosa.

Asubuhi yake nikalala chali chini ya lori nikaanza kufikiri. Kuziondoa waya kwenye ekzosi maana yake kuzifungua zote, kuzivusha upande wa pili wa chesisi na kuanza upya. Hiyo ni kazi ya siku nzima, na mimi nilikuwa likizo. Lakini kuzifunga, aa, hiyo ni kazi ya dakika. Tatizo ni moja tu, nifungie nini ambacho hakiyeyuki?

Bibi ndiye aliyenijibu. Alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na tairi la mbele, anapembua mtama na kunisimamia. Bibi huniita mke mwenzake, kama bibi yeyote wa kwetu anavyomtania mjukuu wa kike, na kwa cheo hicho tunaambiana mambo ambayo mama yangu akiyasikia huondoka chumbani.

“Mke mwenzangu,” akasema, “mpira ni kitu cha dukani. Ngozi je, umewahi kuiona inayeyuka?”

Wiki ile fahali mmoja alikuwa amevunjika mguu akachinjwa, na ngozi yake ilikuwa nyuma ya nyumba, imewambwa chini kwa vijiti, pembeni bado mbichi. Bibi akaniambia kitanda chake kimefungwa kwa kanda za ngozi mbichi tangu alipoolewa, kimebeba watoto saba na shughuli zote za kuwapata, na hakijalegea hata siku moja. Nikamwomba anipunguzie maelezo. Akacheka mpaka mtama ukamwagika.

Tukakata kanda kumi na mbili. Bibi akanifundisha: loweka, vuta, zungusha mara tatu, fundo lilale upande wa juu. Ngozi mbichi ikikauka hujivuta yenyewe na kubana kuliko msumari. Nikazifunga waya pale pale zilipokuwa, njia ile ile ya ekzosi, kila hatua moja ukanda mmoja. Zikanyooka zikatulia. Jua la siku mbili likazikausha, ukigonga ukanda kwa kucha unalia kama mti. Sijawahi kutengeneza kitu kizuri vile, na niliwaita watu waje wakitazame, hata watu ambao walikuwa wanapita tu kwenda kisimani.

Shangazi alipokuja kukagua, akaniuliza kama nimeziondoa waya pale. Nikamwambia nimezibana hata sisimizi hapenyi. Akakanyaga breki, nikapiga kelele nyuma kwamba inawaka. Akaweka indiketa kulia, kushoto, zikawaka. Akaweka rivasi, na mwanamke wa Kijapani akaongea.

Huyu mwanamke inabidi nimtambulishe. Lori letu lilitoka Japani likiwa na spika ndogo nyuma, na ukiweka rivasi sauti ya mwanamke inasema maneno kadhaa ya upole, kwa adabu, tena na tena. Hakuna aliyejua anasema nini. Bibi kwa miaka yote aliamini kwamba anaamkia, na kila lori linaporudi nyuma uani, Bibi humjibu, marahaba mwanangu. Siku hiyo pia alimjibu. Kila kitu kilikuwa sawa.

Tukaondoka siku ya mwisho ya zile wiki mbili, alfajiri, Shangazi na mimi. Yeye amevaa blauzi yake ya kanisani. Mimi nimevaa fulana ya michezo ya shule kwa sababu ndiyo pekee iliyokuwa safi. Ukaguzi ulikuwa unafungwa saa kumi alasiri, na sisi tulikuwa na siku nzima mkononi. Shangazi alikuwa anaimba. Huwa haimbi.

Hatujafika Kahama, akanyamaza akavuta pumzi puani.

“Unasikia harufu ya nyama choma?”

Nilisikia. Ilikuwa harufu nzuri kweli kweli, ya mafuta yanayodondokea mkaa. Nikasema watu wa huku wanajua kufungua kinywa. Tukapita kijiji hicho, harufu ikaja nasi. Tukapita kijiji kingine, bado ipo, na safari hii nilipotazama kwenye kioo cha pembeni niliona mbwa watatu wanatukimbiza kwa moyo wote. Kijiji kilichofuata walikuwa saba. Mbwa mmoja mwekundu, mwenye sikio moja, alitufuata mpaka nikaanza kumheshimu. Nilimwelekeza Shangazi amtazame, tukacheka, yeye akipiga usukani kwa kiganja, na mimi wakati huo akili yangu haikuunganisha ekzosi, ngozi na nyama choma. Waliosema fizikia yangu ni ya wastani walinipendelea.

Tukaipita Kahama tukashika njia ya Geita. Kwenye tuta la kwanza Shangazi akakanyaga breki, na mwanamke wa Kijapani akaongea.

Shangazi akatazama gia. Haikuwa rivasi. Akatoa mguu kwenye breki, mwanamke akanyamaza. Akakanyaga, mwanamke akaendelea. Nyuma yetu mzee mmoja wa baiskeli, kwa kusikia sauti na kuona taa nyeupe ya rivasi, aliamini tunamrudia. Akaiacha baiskeli barabarani akaingia mwenyewe kwenye shamba la pamba. Shangazi akatoa kichwa dirishani kumwomba radhi, na kwa kuwa alisimama kwa breki ili amwombe, mwanamke wa Kijapani naye akaomba. Mzee akakimbia zaidi.

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Ilichukua muda kugundua kwamba nacheka peke yangu.

Mbele kidogo, kabla ya njia ya lami kukata kona, palikuwa na karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, na wachimbaji kadhaa waliotoka kwenye duara lao, shimo wanalochimba, kusubiri zamu ya kusaga. Shangazi akaegesha pembeni, kwa sauti ya yule mwanamke, na kila mtu akageuka. Ilikuwa saa nne na nusu.

Nikaingia chini. Kanda zangu kumi na mbili zilikuwa zimegeuka rangi ya maandazi yaliyoungua. Moto wa ekzosi ulikuwa umezikausha kupita jua la siku mbili, nazo zikajivuta kama Bibi alivyoahidi, zikabana, zikaendelea kubana. Ukanda wa tano ulikuwa umezama ndani ya waya kama uzi unavyozama kwenye kidole. Plastiki ya waya ilikuwa imepasuka, na shaba ya waya ya breki imelala juu ya shaba ya rivasi, zimekumbatiana. Kwa hiyo kila ukikanyaga breki, umeme ulikuwa unavuka kwenda kumwamsha mwanamke.

Nikatoka nikamweleza Shangazi. Nilimweleza kwa kuchekesha, kwa sababu ndivyo ninavyoeleza kila kitu, hata misiba. Hakucheka.

“Nilikuuliza kama umeziondoa pale.”

“Nilisema nimezibana, Shangazi.”

“Sikukuuliza hilo.” Akafuta jasho kwa mkono wa ile blauzi. “Baba yako ameshaleta mtu kuliangalia lori. Jumapili, nilipokuwa kanisani. Akalizunguka mara mbili, akapiga teke matairi.”

Hilo nilikuwa silijui. Jumapili nilikuwepo nyumbani. Nilimpelekea mtu huyo maji ya kunywa nikadhani ni mgeni tu, na nilimwonyesha, kwa fahari, kanda zangu za ngozi.

Wakati tumesimama hivyo, mwenye karasha akatufikia. Alikuwa mama mnene, kitenge kimefungwa juu ya suruali ya kazi, vumbi jeupe limempaka uso mpaka anaonekana kama amejipodoa kwa hasira. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, halafu akamuuliza Shangazi kama ni kweli lori lake linaongea. Wachimbaji wake walimwambia, yeye hakuamini, kwa maana hao wakitoka shimoni husema mambo mengi.

Shangazi, aliyekuwa karibu kulia, alipanda akakanyaga breki.

Sijawahi kuona watu wazima wakifurahi vile. Walipiga magoti kwa kucheka, mmoja akakaa chini kabisa. Wakamwomba akanyage tena. Akakanyaga. Mchimbaji mmoja mrefu akaanza kumjibu yule mwanamke kwa Kisukuma, anamtongoza kwa heshima, anamuuliza mahari ya kwao ni ng'ombe wangapi, na mwanamke akawa anamjibu kwa upole ule ule. Na hapo Shangazi akashindwa. Kicheko kilimtoka bila ruhusa, kikamwinamisha juu ya usukani, na kila alipoinama mguu ulikanyaga breki zaidi.

Tulipopata pumzi, mwenye karasha akauliza tunahitaji nini. Nikamwambia vipande vya bati nene, bolti na nati, mpira wa maji mkuukuu, plaizi, na mtu wa kunitolea mbwa, kwa sababu yule mwekundu alikuwa amefika. Kumbe hakukata tamaa. Nikakata kanda zote kumi na mbili nikamtupia. Alizistahili.

Basi tukaanza, na safari hii nilianza pale mkaguzi alipoanzia. Nilizifungua waya zote kutoka kwenye taa za nyuma hadi kwenye kabini. Shangazi akavua blauzi ya kanisani, akabaki na fulana, akaingia chini pamoja nami, tukalala bega kwa bega tukila mchanga. Mwenye karasha alituwekea mawe chini ya matairi, mawe yale yale yenye dhahabu au pengine hayana, akatuonya tusije tukaondoka nayo.

Waya tukazivusha nyuma ya kabini hadi chuma cha kushoto, upande wa betri, ambako ekzosi haifiki hata kwa ndoto. Pale zilipoungua nikakata nikaunga upya, kila kiungo mbele ya mwenzake ili hata tepu ikichoka visikutane tena kufanya mapenzi. Mpira wa maji, ule wanaooshea mawe, tukaupasua kwa kisu urefu wote, tukazivisha waya ndani yake kama soseji. Kwenye chesisi kulikuwa na matundu tangu kiwandani, sijui ya kazi gani. Tukakunja vipande vya bati kama vipete, ndani yake tukatandika kipande laini cha mpira ili bati lisikate, tukavifunga kwenye matundu hayo kwa bolti na nati. Mpira uliokuwa umetuangusha kwenye ekzosi, huku kwenye ubaridi ukawa mto wa kulalia. Mchimbaji mrefu alikuwa anatoboa mabati juu, ananipitishia moja moja, na kila moja ananipa na ujumbe wa kumpelekea Mjapani.

Ilifika saa saba, tumebakiza pale juu ya ekseli ya nyuma, na waya zikagoma kufika. Zilipungua shibiri moja.

Nikazivuta. Zikafika, kwa shida, zimenyooka kama kamba ya kuanikia nguo. Nikamwambia Shangazi tufunge hivyo hivyo, muda umekwenda. Nilikuwa na mchanga machoni na njaa ya mtu mzima. Shangazi akageuza kichwa pale pale mchangani, pua yake karibu iguse yangu.

“Wewe unajua waya, mimi najua lori,” akasema. “Likipakiwa linashuka. Likipakuliwa linapanda. Kwenye shimo linafanya yote mawili. Hapo unapopavuta ndipo linapohema.”

Nikamtazama. Ni mtu ambaye ameendesha lori hilo akiwa na magunia ya tumbaku hadi juu, kwenye njia ambazo hata mbuzi huzishuka kwa kusali, na hakuna aliyewahi kumuuliza anajua nini. Nikatoka kutafuta waya. Mchimbaji mrefu akaninyofolea ya taa mbovu ya shimoni. Nikaunga tano zote, nikafanya kitanzi kikubwa kinachoning'inia kidogo juu ya ekseli, kimevaa mpira wake, pande zote mbili kimeshikwa na vipete. Kilikaa kama mkono wa mtu aliyeshika kiuno.

Saa nane kasoro tukajaribu. Breki, kimya, taa nyekundu tu. Indiketa, sawa. Wachimbaji walihuzunika waziwazi. Kwa heshima yao Shangazi akaweka rivasi, mwanamke akawaaga, yule mrefu akaweka mkono moyoni. Mwenye karasha alikataa shukrani zote isipokuwa neno moja la Kisukuma, wabeja, akarudi kwenye vumbi lake.

Tulifika langoni saa kumi kasoro dakika saba. Najua kwa sababu nilizihesabu kwa sauti njia nzima, na Shangazi aliniomba mara nne ninyamaze.

Langoni wakamruhusu yeye na lori. Mimi wakanizuia, kwa kuwa sikuwa na kofia ngumu wala buti, nilikuwa na kandambili na fulana iliyosema Timu ya Netiboli mgongoni juu ya kilo mbili za vumbi. Nikabaki nje, uso kwenye uzio wa waya, hatua kama thelathini kutoka walipo, nikiona kila kitu na kutosikia kitu. Ni adhabu mbaya sana kwa mtu wa maneno kama mimi.

Nikamwona mkaguzi. Mwanaume mfupi, nadhifu, kalamu tatu mfukoni. Akazunguka lori. Akamwonyesha Shangazi ishara, breki, indiketa, na nikawa nakanyaga naye huku nje, mguu wangu wa kulia ukichimba shimo. Kisha akaingiza kioo chini, upande wa kulia, upande wa utumbo wa zamani. Akakaa hapo muda mrefu. Bila shaka anautafuta. Akaenda kushoto. Akachuchumaa. Akaingiza mkono, akavuta kipete cha kwanza, cha pili, akaendelea hivyo kuelekea nyuma, na kila alipovuta mimi nilihisi kwenye meno.

Kwenye ekseli akasimama. Akasema kitu. Shangazi akajibu kitu. Mkaguzi akatikisa kichwa, sio vizuri, akaonyesha chini, akafanya mkono wake uning'inie. Nikaelewa. Anasema hapo pamelegea. Anasema utumbo.

Shangazi akanyoosha kidole kwangu. Wote wawili wakaja uzioni.

“Huyu ndiye fundi?” mkaguzi akauliza.

Nilimwamkia. Akaitikia, akanikagua kuanzia nywele hadi kandambili kama vile na mimi nina namba ya usajili. Akaniuliza kwa nini kila mahali nimebana, lakini pale juu ya ekseli nimeacha ulegevu. Nilisahau? Waya zilizidi?

Vichekesho vitano vilinijia kwa pamoja. Naapa, vitano, na kimoja kilikuwa kizuri sana. Nikavimeza vyote. Nikachuchumaa pale uzioni, mikono kiunoni, viwiko vimechomoza, nikamwonyesha. Nimebeba viazi, nikashuka mpaka chini. Nimeshusha viazi, nikapanda. Nimepita kwenye shimo, nikaruka. Kisha nikanyoosha mkono wangu mmoja ukakaza, nikaushika uzio, nikajaribu kuchuchumaa nao hivyo, na mwili ukagoma. Nikamwambia ukikaza pale, safari ya tatu waya zinakatika, unakuwa na lori la viazi lisilo na taa za breki mbele ya basi. Nikasema aliyenifundisha hilo si mwalimu wa fizikia, ni huyo dereva aliyesimama nyuma yako.

Walinzi wa lango walikuwa wanacheka. Mkaguzi hakucheka, lakini alimgeukia Shangazi akamuuliza ameendesha kwa miaka mingapi. Akamjibu. Akamuuliza tumbaku unapandisha magunia mangapi kwa mara moja. Akamjibu. Akaandika. Akachomoa kalamu ya pili, kwa kuwa ya kwanza ilikuwa haiandiki, na katika muda ule wa kubadilisha kalamu nadhani nilizeeka nikafika umri wa Bibi.

Kisha akatoa mfukoni stika ya kijani, ya magari yaliyofaulu, akaanza kuibandua. Shangazi akamwomba aibandike yeye mwenyewe. Mkaguzi akasita, akampa, wakarudi kwenye lori. Mikono ya Shangazi ilikuwa bado inateleza kwa mafuta meusi hadi kwenye kucha, kwa hiyo stika ilikaa upande, kabisa upande, kama mlevi aliyeegemea ukuta. Mlinzi mmoja akajitolea kuinyoosha. Shangazi akasimama kati yake na kioo cha lori, na mlinzi akarudi kwenye kiti chake.

Waliporudi uzioni, Shangazi akauliza mzigo wa kwanza ni lini. Jumatatu. Akauliza lango linafunguliwa saa ngapi. Saa kumi na mbili asubuhi. Akasema basi saa kumi na moja atakuwa hapa, na mkaguzi akasema haina haja, mama, na yeye akasema atakuwa hapa.

Alipotoka langoni nikapanda, lakini hakushika njia ya nyumbani. Alizima injini pembeni ya barabara, akachukua simu, akampigia baba yangu. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa vigelegele, kwa matusi madogo ya kindugu, kwa chochote. Yeye alimwamkia kaka yake kwa adabu zote, akamuulizia miguu yake, mifugo na mahindi. Halafu akamwomba, kama anamwomba chumvi, amfikishie salamu yule mtu aliyepiga teke matairi, amwambie asijisumbue kurudi, maana kuanzia Jumatatu lori halitakuwa linakaa nyumbani.